Guangzhou ina Jumapili pia

Mwulize mfanyabiashara wa Kariakoo au Kamukunji aliyerudi juzi kutoka Guangzhou mji huo ukoje, atakutajia bei. Viatu Zhanxi, mabegi Guihuagang, nguo Baima na Shisanhang, vitambaa kule Zhongda. Atakupigia hesabu ya mzigo wa ndege kwa kilo na wa meli kwa mita za ujazo, na akiwa mtu wa roho nzuri atakupa na namba ya wakala anayefungasha vizuri. Sasa mwulize alikula nini. Wali na kuku, kwenye mgahawa wa Waafrika pale Xiaobei, usiku, miguu ikimwaka moto. Mto Zhujiang unaoukata mji katikati aliuona kupitia dirisha la teksi. Jumapili ilimkuta anafunga maboksi.

Simlaumu. Tiketi ni ghali, viza ni ya siku za kuhesabu, na mtaji pengine ni wa mkopo wa kikoba. Lakini nina ugomvi naye kidogo, kwa sababu Guangzhou si ghala. Ni mji wa watu zaidi ya milioni 18 kwa sensa ya China ya mwaka 2020, na wageni umewazoea tangu enzi ya nasaba ya Tang, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, wakati Waarabu na Waajemi waliofika kwa majahazi walipokuwa na mtaa wao kabisa na kuuita mji huo Khanfu. Yale maonyesho makubwa ya biashara ya Canton yanayofanyika majira ya Aprili na tena Oktoba yalianza mwaka 1957. Mji uliopokea wageni muda wote huo umejua namna ya kuwalisha na kuwatembeza, na sehemu kubwa ya starehe zake ni rahisi kuliko chipsi kuku za uwanja wa ndege.

Wenyeji wenyewe siku yao huianza kwa chai, na hapo ndipo mgeni naye aanzie.

Majumba ya chai ya Guangzhou yana umri. Taotaoju lilianza mwaka 1880, Lianxianglou mwaka 1889, na Guangzhou Jiujia mwaka 1935. Mbali na hayo yenye majina yako mengine chungu nzima ya mitaani, yasiyo na menyu ya Kiingereza wala picha ukutani, na huko ndiko chakula kinakuwa kitamu na bili inakuwa ya kibinadamu. Nenda asubuhi ya mwisho wa wiki. Utakuta ukoo mzima umezunguka meza moja ya duara: babu, bibi, wana, wakwe, wajukuu wawili wanaogombania simu. Wazee wastaafu wanaweza kukaa pale saa tatu kwa birika moja, na hakuna mhudumu atakayewasogelea kuwauliza kama wameshamaliza.

Swali la kwanza utakaloulizwa ni chai gani. Iko pu'er, nyeusi na nzito, inayosemwa kusaidia tumbo kupambana na mafuta, iko tieguanyin, iko ya asumini, ambayo mtu wa Unguja ataitambua kwa harufu kabla birika halijatua mezani. Chai hiyo hulipiwa kwa kichwa, hata usipoinywa, kwa hiyo usishangae kuiona kwenye bili. Likishaletwa birika, chai ya kwanza hainywewi. Angalia jirani yako anavyofanya: anaimimina juu ya vikombe, bakuli na vijiti, anavizungusha ndani ya bakuli kubwa, kisha maji yale anayamwaga. Vyombo vinatoka jikoni visafi, lakini mtu wa Guangzhou asipovisuuza mwenyewe haoni kama ameketi. Kisha unawamiminia wenzako kabla ya kujimiminia wewe. Ukimiminiwa, usishukuru kwa mdomo. Unagonga meza kwa vidole viwili, kidogo tu, na maongezi yanaendelea. Wenyewe husimulia kwamba mfalme Qianlong alisafiri kwa siri amevaa kama raia, akamimina chai, na watumishi wake, wasiweze kupiga magoti hadharani, wakapigisha vidole magoti badala yao. Iwe kweli au porojo, ishara hiyo ukiijua umekubalika mezani. Maji yakiisha, acha kifuniko cha birika wazi nusu. Mhudumu atakuja bila kuitwa.

Chakula kinakuja kwenye vikapu vidogo vya mianzi, kinafuka mvuke, vipande vitatu au vinne kila kikapu. Kuna vifurushi vya kamba vyenye ngozi nyembamba kiasi kwamba wekundu wa kamba unaonekana kwa nje. Kuna shuka za unga wa mchele zilizokunjwa na kumiminiwa mchuzi wa soya. Kuna uji wa mchele uliopikwa mpaka punje zimepotea, ndani yake wamekata samaki mbichi mwembamba akaivia humohumo, na tangawizi juu. Na kuna miguu ya kuku. Dar es Salaam miguu ya kuku ni chakula cha jioni cha pembeni mwa barabara, karibu na kituo cha daladala, na wenye suti hujifanya hawaioni. Guangzhou hukaangwa kwanza, ikapikwa kwa moto mdogo, ikaja kufukizwa na maharage meusi yaliyochachushwa, hadi ngozi inaachana na mfupa ukiigusa kwa ulimi. Bibi mwenye hereni za dhahabu ataila kwa utaratibu na kutema vifupa sahanini bila kuona haya. Ukikaa China ukakataa miguu ya kuku, shida ni yako.

Hapa kuna tahadhari kwa Waislamu, na wauzaji wa safari hawaisemi vya kutosha. Nguruwe yumo karibu kila mahali kwenye meza hii, na haonekani. Yumo kwenye mikate ya mvuke na kwenye keki ya figili. Hata kile kifurushi cha kamba, kwa mapishi ya jadi, huchanganywa mafuta ya nguruwe ili kilainike. Kusema tu kwamba umeagiza kamba hakutoshi.

Lakini Mwislamu hatalala njaa. Tafuta kibao cha kijani chenye maandishi ya Kiarabu na yale mawili ya Kichina yanayosomwa qingzhen, yaani halali. Vibao hivyo viko kila mtaa, na vingi ni vya maduka ya tambi za Lanzhou yanayoendeshwa na familia za Kihui na Kisalar kutoka mkoa wa Qinghai, mbali kaskazini-magharibi. Ukiweza, kaa karibu na jiko. Kijana anakata donge la unga, analivuta kwa mikono miwili, analikunja, analipiga mezani, analivuta tena, na kila mkunjo unaziongeza nyuzi maradufu. Akikunja mara saba tayari ana nyuzi 128 zilizo sawasawa, anazitupa kwenye maji yanayochemka, na hajakutazama hata mara moja. Zinakuja kwenye bakuli la supu ya ng'ombe, giligilani kwa wingi, na pilipili ya mafuta mezani ujiwekee mwenyewe. Mabakuli haya ndiyo yaliyowalea wanafunzi wengi wa kwetu katika miji ya China.

Ijumaa mchana panda treni hadi kituo cha Bustani ya Yuexiu. Karibu na hapo uko msikiti wa Xianxian, wenye kaburi ambalo masimulizi ya Waislamu wa China yanalinasibisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wana mashaka yao na masimulizi hayo. Umati haujali. Kuna watu wa Mali na Senegali wenye kanzu pana zilizopigwa pasi, Wayemeni, Wapakistani, Wahui wenye kofia nyeupe, na ukitega sikio utasikia mtu anamwita mwenzake kwa Kiswahili cha Mombasa. Sala ikiisha, nje panakuwa soko la chakula. Wauyghur wanageuza mishkaki ya kondoo juu ya makaa na kuinyunyizia bizari nyembamba na pilipili ya unga. Pembeni kuna mikate ya duara iliyotoka kwenye tanuri sasa hivi. Mishkaki ile haina soni mbele ya ile ya Forodhani kule Unguja, nami ni mtu ninayependa Forodhani.

Katika mji wa kale kuna msikiti mkongwe zaidi, Huaisheng, wenye mnara mweupe wa mita 36 ambao zamani uliwaongoza mabaharia. Kwa Wakristo, Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kwa mawe matupu ya matale kati ya mwaka 1863 na 1888, lina misa ya Kiingereza alasiri ya Jumapili, na mabenchi yake hujaa Waafrika. Hapo ndipo mgeni mpya anapata chumba cha kupanga, kinyozi anayejua nywele zetu na habari za nani anarudi nyumbani na kilo za ziada.

Nilitaka kuruka mambo ya simu na polisi, ila bila hayo starehe yote inakwama.

Kuhusu simu: fedha taslimu bado ni halali, lakini muuza matunda hana chenji na wala haitafuti. Watu wanalipa kwa Alipay au WeChat, kwa kuskani alama iliyobandikwa mezani, ukutani, hata kwenye mkokoteni wa viazi vitamu. Siku hizi programu hizo zinakubali Visa na Mastercard za nje, na malipo yasiyozidi yuani 200 hayakatwi ada. Yuani moja ni kama shilingi 18 za Kenya. Sisi wenye M-Pesa tangu 2007 hatuna cha kujifunza hapo ila kubonyeza. Unganisha kadi kabla hujapanda ndege. WhatsApp, Google, Facebook na YouTube zimefungwa kwenye mtandao wa China, ingawa laini ya nyumbani iliyowashiwa huduma ya kutumika nje kwa kawaida huzifungua, kwa gharama yake. Ramani ya Google isahau. Anwani ya hoteli iwe nayo kwa maandishi ya Kichina, maana dereva wa teksi hatasoma herufi zako.

Kuhusu polisi: ukilala hoteli, hoteli inakusajili. Ukilala kwa ndugu au rafiki, sheria inakutaka ujisajili kwa polisi wa mtaa ndani ya saa 24. Wengi hupuuza wakaja kujuta. Viza ikiisha nawe bado uko, faini ni yuani 500 kwa siku, hadi 10,000. Na kosa linalowapata hata wazoefu: kwenda Hong Kong kwa treni ya kasi, mwendo wa kama saa moja tu, kunahesabiwa ni kutoka China. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, umeshaitumia.

Basi, tutembee.

Treni za chini ya ardhi zinaanzia nauli ya yuani 2, begi lako linapita kwenye mashine ya ukaguzi kila unapoingia, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuzisoma ramani zake. Bustani ya Yuexiu haina kiingilio. Ndani yake kuna sanamu ya kondoo watano, mnara wa Zhenhai uliojengwa mwaka 1380, na maziwa ya kuendesha mashua za kukodi, lakini cha kutazama hasa ni watu. Wastaafu wamejigawa kwa makundi: hawa wanacheza dansi kwa spika moja kubwa, wale wanaimba kwaya, wengine wamesimama duara wakirushiana kwa miguu kigoroli chenye manyoya, na bibi wa miaka sabini anakipiga kwa kisigino nyuma ya mgongo bila kukiangalia. Ukisimama karibu wanakuita uingie. Utakikosa, watacheka, watakurushia tena. Sijui njia nyingine ya haraka zaidi ya kuzoeana na watu ambao lugha yao huijui.

Magharibi mwa mji, mtaa wa kale wa Xiguan, eneo la Yongqing Fang, kuna nyumba ya baba yake Bruce Lee, mwigizaji wa opera ya Kikantoni. Bruce mwenyewe alizaliwa San Francisco mwaka 1940, lakini kwa sisi tuliosongamana kwenye vibanda vya video tukitazama kanda zilizokwaruzika, kuingia humo ni kama hija. Ni nyumba ya matofali ya kijivu, na mlango wake ni ule wa Xiguan wenye tabaka: ubao mzito kwa ndani, na mbele yake fremu ya magogo membamba ya duara yaliyolazwa, ya kusukumwa pembeni. Mwizi hapiti, upepo unapita. Fundi seremala wa Mbagala angekaa pale nusu saa akipima kwa macho.

Wanaofuata vigae na samani Foshan wana bahati ya ziada. Mji huo umeunganishwa na Guangzhou kwa treni ya chini ya ardhi tangu 2010, na kituo cha Zumiao kinakushusha kwenye hekalu la kale lenye kumbukumbu za mabingwa wa kung fu Wong Fei-hung na Ip Man. Kwenye eneo hilohilo vijana hucheza ngoma ya simba juu ya nguzo. Mwenye kontena la masofa ashuke hapo wakati wa kurudi.

Usiku nenda mtoni. Mnara wa Canton una urefu wa mita 600, ulifunguliwa mwaka 2010, na tiketi ya kupanda si ya kitoto. Mimi nashauri usipande. Ukiwa juu yake huuoni, na uzuri wake ni ule wa kuonwa, na rangi zake zinazobadilika kiunoni. Panda kivuko cha kawaida cha abiria, wanachopanda wenyeji, uutazame kutoka majini.

Wakati wa kwenda nao una maneno. Kati ya Februari na Aprili upepo wa kusini huleta unyevu ambao huuingiza mji mzima kwenye jasho: kuta zinatiririsha maji, sakafu inateleza, soksi hazikauki, na wenyeji hufunga madirisha badala ya kuyafungua. Wakati wa maonyesho ya Aprili na Oktoba vyumba vya hoteli hupanda bei. Mwaka Mpya wa Kichina masoko hufungwa wiki mbili na zaidi, na kila mwaka kuna mtu wa kwetu anayeshuka na dola zake kwenye mkoba akakuta makufuli. Asilie. Siku chache kabla ya sikukuu mji hujaa masoko ya maua, na kila mlango una mti wa vichungwa vidogo umefungwa karatasi nyekundu. Juni ni msimu wa litchi, binamu wa shokishoki, zinazouzwa kwa jin, yaani nusu kilo. Hapo ndipo wanaojua huenda.

Na si asali tupu. Aprili 2020, hofu ya korona ilipopanda, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba walizokuwa wamelipia kodi na wakakataliwa hotelini. Wengine walilala nje na masanduku yao, hata wale ambao hawakuwa wamesafiri kwenda popote. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua ya kulalamika. Maofisa wa mji walitaja wakati huo kwamba Waafrika waliobaki walikuwa 4,553. Wapo walioondoka wakaapa kutorudi, na nawaelewa. Hata leo kuna teksi itakayopunguza mwendo, dereva akutazame, kisha akanyage mafuta. Kuna mwenye nyumba atakayesema chumba kimeshachukuliwa. Kwenye treni utakodolewa macho, mara nyingi kwa udadisi wa kitoto, mara nyingine sivyo. Anayekwambia hayo hayapo anataka kukuuzia kitu.

Hata hivyo, ugomvi wangu na yule mfanyabiashara uko palepale. Wale wanaomkodolea macho ndio haohao wa kwenye bustani, na hawajawahi kumwona mahali pengine isipokuwa sokoni, akibishana bei na muuzaji anayemwita rafiki kwa kila sentensi. Yeye naye hajawaona wao ila nyuma ya kaunta na kikokotoo. Miaka inapita, makontena yanavuka bahari, na pande zote mbili hazijawahi kuketi meza moja.

Kwa hiyo dada yangu wa Kariakoo, kaka yangu wa Eastleigh: safari ijayo tiketi ya kurudi ikatwe ya Jumatatu usiku. Mwambie wakala mzigo wote uingie ghalani Jumamosi. Jumapili saa moja asubuhi majumba ya chai yameshafunguliwa, na uwahi, kwa sababu ikigonga saa tatu meza hakuna.